Impakti ya upepo au ya umeme? Kisa cha gereji ya nyumbani Mikindani

Shemeji yangu anakaa Mikindani, upande wa kupanda kilima ukitoka barabara ya Lindi, na pembeni ya nyumba ana banda la mabati ambalo yeye analiita gereji na sisi tumekubali kuliita hivyo. Sio fundi wa kulipwa, ana kazi yake Mtwara mjini, anarudi saa kumi na moja jioni anabadilisha nguo anashika spana mpaka usiku. Hapo bandani kuna Noah ya familia, Hilux kuukuu ya shamba, na msimu wa korosho ukianza Oktoba hivi inaongezeka Canter ya kaka yake ambayo inatoka na mzigo huko Nanyamba na Tandahimba halafu inakuja kulala hapo, na ikilala hapo ujue kuna tairi linataka kufunguliwa.

Mkononi alikua na laki sita, na hiyo laki sita haina ndugu kwasababu Januari ni ada za shule. Akaniuliza, shemeji, ninunue impakti, ile mashine ya kufungua nati kwa kugonga, ya upepo au ya umeme? Alikua ameshauliza watu wawili kabla yangu. Fundi tairi wa mjini kamwambia upepo, hakuna kingine, za umeme ni za watoto. Muuza vifaa kamwambia chukua ya betri mzee, upepo umepitwa. Kila mmoja alikua sahihi kwa pale alipokaa, ila hakuna kati yao aliyeuliza umeme unafikaje kwenye banda la shemeji, na kwa maoni yangu hapo ndo kesi yote ilipolala.

Kwanza kazi yenyewe. Nati za tairi za Noah, kama Toyota nyingi ndogo, zinafungwa kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza nati). Hiyo sio nguvu kubwa, mtu mzima na wili spana anaimaliza. Tatizo ni kufungua, maana nati iliyokaa mwaka mzima kwenye hewa ya chumvi, na Mikindani bahari iko pale chini tu unaiona, inaweza kutaka mara mbili au tatu ya nguvu iliyofungiwa. Kwenye Hilux ndo kabisa, bolti za shokapu na za mikono ya chini zimeota kutu mpaka kichwa cha bolti hujui kama ni 17 au 19. Kwahiyo kwa magari madogo tulihitaji mashine inayotoa Nm 400 au 500 za kweli kwenye kufungua, ya nusu inchi, yaani upana wa ile pua inayoingia kwenye soketi, inatosha. Canter ni habari nyingine, nati zake zinafungwa kwa zaidi ya mara tatu ya hizo za Noah, nitairudia.

Neno "za kweli" nimeliweka kusudi. Kwenye boksi la impakti yoyote utakuta namba kubwa imeandikwa kwa wino mnene, na mara nyingi hiyo ni nguvu ya kufungua, ile ya kufunga iko chini kwa herufi ndogo au haipo kabisa. Na kwa zile za upepo hiyo namba ina sharti ambalo halisemwi dukani: upepo uwe na msukumo wa psi 90 pale kwenye mashine yenyewe huku inafanya kazi. Saa ya kompresa inaweza kusoma 90 wakati mashine imelala, ukibonyeza tu kule mwisho wa mpira zimebaki 65 kwasababu mpira ni mwembamba, ule wa kujikunja kama springi wa milimita 5 ndani. Mashine inagonga gonga kama haitaki na mtu anasema hii impakti feki.

Tukaazima kompresa ya fundi rangi wa jirani, lita 50, mota ya 2 HP, zile nyekundu za kawaida ambazo mota na pampu vimeunganishwa moja kwa moja. Kabla ya kuiwasha nikamfanyia shemeji hesabu kwenye ukuta kwa chaki. Tangi la lita 50 likishuka kutoka psi 115 mpaka 90, upepo uliotoka ni kama lita 85 za hewa ya kawaida, basi. Impakti ya nusu inchi ukiibana mfululizo inakula lita 500 kwa dakika au zaidi kidogo. Kwahiyo una sekunde kumi. Baada ya hapo unakula moja kwa moja kile kompresa inachotengeneza, ambacho kwenye kibati wameandika lita 206 kwa dakika lakini hicho ni kipimo cha hewa inayovutwa, inayotoka upande wa pili ikiwa imeshindiliwa ni kama 130 mpaka 150 hivi. Robo tu ya mahitaji, mashine inabaki inapumulia puani.

Sekunde kumi sio mbaya kwa tairi. Nati moja iliyokubali ni sekunde mbili, unafungua tano, unasubiri kompresa ijaze huku unatoa tairi. Mtu wa nyumbani hana haraka. Ila bolti ya shokapu iliyoota kutu haitaki sekunde mbili, inataka ugonge sekunde ishirini mfululizo, upumzike, utie mafuta, ugonge tena, na hapo ndo tangi dogo linakuaibisha, nguvu inapungua wakati ule ule unaihitaji. Fundi tairi wa mjini hana shida hii, ana tangi refu kama jeneza na kompresa ya mkanda, ndomana kwake upepo ni jibu sahihi asubuhi mpaka jioni. Impakti ya upepo yenyewe ni nyepesi, haiungui hata ukiikwamisha, ndani haina mota ya umeme wala kadi, ni rota na vibao vyake na nyundo. Ukiitunza inakuzika. Gharama na matatizo yote yako nyuma yake, kwenye kompresa.

Sasa jaribio. Jumamosi asubuhi kompresa ikawaka bila neno, ikajaza, tukafungua tairi za Noah zote, shemeji anacheka. Jioni ya siku hiyo hiyo kama saa mbili usiku akasema ngoja nimalizie Hilux. Akabonyeza swichi, kompresa ikaunguruma mmmmm, haizunguki. Akazima akawasha, mmmmm, halafu breka ikaruka.

Nikachukua mita nikapima kwenye soketi ya ukutani ya banda. Asubuhi ilikua 228. Saa mbili usiku ilikua 196, na pale kompresa inapojaribu kuanza ilishuka mpaka 160 na kitu. Nyumba yake iko mbali na transfoma, jioni ndo kila mtu kawasha feni, pasi, friji na jiko, na juu ya hapo banda linapata umeme kwa ekstensheni ya mita 30 ya waya wa milimita 1.5 za mraba iliyotoka sebuleni kupitia dirishani. (Gesi ya Mnazi Bay iko pale Msimbati tangu 1982 ilipogunduliwa, bomba la kuipeleka Dar likazinduliwa 2015, na sisi huku tunapima volti kwa mita saa mbili usiku. Haya tuendelee.)

Hesabu ya waya ni rahisi na watu wengi hawaifanyi. Mota ya 2 HP ya fezi moja ikiwa inatembea inavuta ampia nane au tisa, lakini ile nusu sekunde ya kuanza inavuta mara tano mpaka saba ya hiyo, tuseme 45. Ekstensheni ya mita 30 ni mita 60 za waya, kwenda na kurudi, na kwa unene wa 1.5 hizo zina ukinzani wa kama ohm 0.7. Zidisha kwa 45, unapoteza volti zaidi ya 30 njiani, kwenye waya tu, kabla hujahesabu za mtaani. Na mota za aina hii zina ubaya mmoja, nguvu ya kuanzia inashuka haraka kuliko volti: volti zikipungua robo, nguvu inabaki kama asilimia 56. Huku pistoni inatakiwa ianze kushindilia hewa. Haiwezi. Inabaki inaunguruma, inachemka, ukiendelea unaua kapasita, kile kinachoisaidia mota kuanza, ukiwa mbishi zaidi unaua waya za mota, na kompresa yenyewe ya kuazima.

Kwahiyo kwa mtu anayefanya kazi jioni, kwenye laini ya mwisho, kwa ekstensheni, kompresa ilishajikataa kabla hatujaongelea bei. Na bei nayo haikua rafiki, kompresa kama ile aliyotajiwa ilikua laki tatu na sabini, impakti yenyewe, mpira wa milimita 10, kile kichujio cha maji na rejeta, tayari laki sita imekwisha na hana hata soketi za spana. Luku wala haikua hoja, kompresa hiyo ikizunguka saa nzima bila kusimama inakula kama uniti moja na nusu mpaka mbili, na shemeji na friji zake mbili alishavuka uniti 75 kwa mwezi zamani sana kwahiyo hana bei nafuu ya kuogopa kuipoteza.

Kitu kingine cha pwani ni maji. Hewa ya huku kwetu ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imebeba kama gramu 24 za maji kila mita ya ujazo. Ukiishindilia mpaka psi 115 halafu ikapoa ndani ya tangi, inabaki na gramu tatu na kitu, nyingine 20 zinadondoka chini ya tangi. Mita moja ya ujazo ni dakika mbili tu za kubana impakti. Kwahiyo kila dakika mbili za kazi kijiko kikubwa cha maji na zaidi kinaingia kwenye tangi la chuma, mji wa chumvi, na kama hufungui ile koki ya chini kila ukimaliza, tangi linaoza kwa ndani huku nje limepakwa rangi linang'aa. Maji mengine yanaenda kwenye impakti, vibao vya rota vinaganda, unaikuta imekwama baada ya miezi miwili ya kukaa. Matone machache ya mafuta ya mashine za upepo kabla na baada ya kazi yanatibu hilo, ila shemeji namjua, mafuta ya cherehani tu ya mama watoto hakumbuki kuyanunua.

Tukaja kwenye za umeme. Ya waya watu wanaisahau na ni kosa. Ya wati 1000 inavuta ampia nne tano tu, mota yake ni ile ya kaboni, kwahiyo hata kwenye volti 190 inazunguka, inakua mnyonge kidogo basi. Kaboni zikiisha unanunua nyingine kwa hela ya soda mbili unabadilisha mwenyewe. Ni nafuu kuliko zote, haizeeki ikikaa. Ubaya wake ni nzito, waya unajiviringisha kwenye miguu ukiwa chini ya gari, na umeme ukikatika umekatika. Kwa mtu mwenye laki mbili na umeme wa uhakika ningemwambia achukue hiyo asiangalie nyuma.

Ya betri ndo iliyobaki, na nilimchagulia hiyo, ila nikamzuia asinunue siku ile. Kwa sababu soko la betri limejaa maigizo. Utakuta imeandikwa 21V, ya pembeni 48V, ya pembeni yake 128, nyingine 300 na kitu, na ukizifungua zote ndani ni seli tano zimepangwa mfululizo. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6 kwa kawaida, ikijaa 4.2. Tano ni 18, zikijaa 21. Kwahiyo 18V, 20V na 21V ni kitu kile kile, na hiyo 48 au 128 ni mapambo ya kibati.

Cha kuangalia ni seli ngapi ziko sambamba. Betri nzuri ya 4Ah au 5Ah (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa kawaida ina seli kumi za ukubwa wa kidole gumba, tano kwa mbili. Seli moja ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 mpaka 48, kwahiyo seli peke yake zinakaribia nusu kilo, na ganda juu yake inafika mia sita au mia saba. Ukishika betri imeandikwa 6Ah halafu nyepesi kama gramu 350, ndani kuna seli tano tu, na seli tano za ukubwa huo kwa kawaida hazivuki 3.5Ah. Sio muda tu unaokosa, nguvu pia, maana impakti inapogonga inavuta mkondo mkubwa na mstari mmoja wa seli unalegea. Shemeji alienda na hii akaomba mizani ya duka la jirani linalouza dagaa, muuzaji akaona huyu mteja kachanganyikiwa, lakini betri mbili kati ya alizopewa zilirudi kwenye kabati.

Nikamwambia pia asichukue jina lisilo na ndugu. Chukua kwenye familia ambayo betri yake inaingia kwenye drili, grinda na taa, kama Makita ukiwa na hela, au Ingco na Total ukiwa na hela ya kawaida, sababu betri ndo itakayokufa kwanza na ikifa unataka uikute dukani. Huku kusini hilo sio la kupuuza, vitu vyetu vinakuja na basi kutoka Dar kilomita zaidi ya 550, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita na mvua zake barabara ikakatika kule Somanga kila mtu alijifunza maana ya kusubiri mzigo. Na mota iwe isiyo na kaboni, kwa upande wa betri inatofautisha sana kwenye nguvu na joto.

Upande wa umeme ndo ilipomfaa zaidi. Betri ya 18V 5Ah ina nishati ya wati-saa 90, uniti moja ya luku inachaji mara nane au tisa hata ukitoa inayopotea. Chaja inavuta chini ya ampia moja, volti zikiwa 190 haijali, na inachaji mchana wakati yeye yuko kazini, jioni hata mtaa ukiwa giza anafanya kazi na tochi. Sharti ni moja, betri zikae ndani ya nyumba. Chini ya mabati saa nane mchana, au kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani pale soko kuu, betri ya lithiamu inazeeka haraka sana.

Laki sita ikagawanyika hivi. Impakti ya nusu inchi ya betri na betri mbili na chaja, laki nne. Soketi nyeusi za impakti za 17, 19 na 21, kwasababu zile za kung'aa za kawaida ni ngumu lakini zinapasuka zikigongwa na kipande kikiruka kinaruka usoni, elfu sitini. Spana ya toki ile inayolia klik, tisini. Pampu ya tairi ya kuchomeka kwenye gari, arobaini, maana kitu pekee alichohitaji upepo kweli ni kujaza matairi. Miwani ya kinga ikatoka kwenye chenji.

Hiyo spana ya toki aliipinga, akasema si nanunua mashine ya kufunga? Hapana, unanunua ya kufungua. Ya nguvu hizi ukiiachia sekunde tatu kwenye nati ya Noah unapita 103 mpaka kusikojulikana, bolti zinavutika, diski ya breki inapinda unaanza kusikia usukani unatetemeka ukishika breki. Anza na vidole, impakti kwenye spidi ya chini mpaka nati iguse tu, malizia na klik. Kilomita kama mia zikipita, pitisha tena.

Matokeo. Noah rahisi. Hilux, bolti za shokapu tatu zilitoka, moja tena kwa kelele mpaka majirani wakachungulia. Ya nne ilikataa, tukaipaka mafuta ya kulegeza kutu ikalala nayo, asubuhi ikakataa tena, kichwa kikaanza kuviringa. Grinda ikaikata. Impakti ya upepo ya ukubwa ule ule nayo isingeitoa, kutu ikishaunganisha chuma na bushi inakua kitu kimoja, na mtu akikwambia mashine yake inafungua kila kitu hajakaa na gari la baharini.

Canter sikuiweka kwenye hesabu ya impakti kabisa. Ya nusu inchi ya betri unaweza kubahatisha nati moja mbili, huwezi kuitegemea barabarani na magunia juu. Kwa Canter kuna ile spana ya gia ya kuzungusha kwa mkono ambayo madereva wengi wa malori wanatembea nayo, taratibu lakini haidai umeme wala upepo, na inafanya kazi Tandahimba porini sawa na Mikindani. Halafu Canter nyingi, hasa za zamani, nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, bolti zimegongwa herufi L, za kulia R. Utingo mpya akiweka impakti kwenye kushoto akaweka upande wa kufungua, kumbe anazidi kukaza.

Kaka mtu hajaridhika. Yeye anataka kompresa na impakti ya inchi moja kama za mjini, anasema korosho zikilipwa ananunua na ataiweka pale pale bandani. Sijamkatalia, akianza kupaka rangi au kupokea magari ya watu kompresa itakua na kazi yake. Ila nimemwambia achukue ya mkanda ya lita 100 kwenda juu, na kabla ya hapo amwite fundi umeme avute waya wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye mita mpaka bandani na breka yake, maana ile ekstensheni ya dirishani kwa mita 30 hizo hizo inapoteza volti zaidi ya 30 na wa milimita 4 unapoteza kama 12. Na apime volti saa mbili usiku. Kama bado ni 196 na waya mpya, basi asubiri mpaka transfoma isogee karibu, au azoee kufanya kazi asubuhi.